Taa ya Kushoto

Reino Sorvari alipopata majibu mawili mema kwa mpigo, jamaa zake walidhani nyumbani kutakuwa na sherehe. Ukawa ugomvi.

Alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari mjini Duluth, kwenye ncha ya Ziwa Superior, ambako meli za madini ya chuma huingia bandarini zikipiga honi hadi vioo vya madirisha vinatetemeka. Tangu akiwa mdogo alikuwa akisema atakuwa afisa wa jeshi la maji. Lakini mwenye nia ya chuo cha maafisa hasubiri dakika za mwisho. Majira ya joto kabla ya mwaka wa nne huomba kwenda kuishi chuoni wiki moja, aone wenyewe wanavyoamka, wanavyokimbia na wanavyokaripiwa. Reino aliomba wiki ya Annapolis, chuo cha jeshi la maji. Mama yake alipomsukuma, akaomba na ya West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu. Wote wakamkubali, na wote wakampa wiki ileile ya Juni.

"Sasa hapo kuna cha kuchagua?" aliuliza baba yake, Wendell, kijiko cha supu ya samaki kikiwa hakijafika mdomoni. Alikuwa msaidizi wa nahodha katika meli ya madini, na ni majira ya baridi tu, ziwa likiganda, yaliyomrudisha mezani kwa watu wake. "Mtoto wa Sorvari akatambae kwenye matope?"

"Wendell, mwache mtoto aamue," alisema Joellen, mkewe.

"Nimemshika miguu? Si aamue!"

"Aende nchi kavu," alidakia Kaisa, dada mdogo wa Reino. "Huko serikali itamvisha. Mlimwona Jumapili kanisani? Kama aliyevaa gizani."

"We Kaisa, funga bakuli lako."

Reino akaenda kuomba ushauri kwa Bi Haugen, afisa mstaafu wa jeshi la maji aliyewasaidia vijana wa pale mjini na maombi yao. Walikutana kwenye mkahawa. Reino alitarajia mama yule angevutia kwake. Wapi!

"Wiki hiyo si tikiti," alimwambia. "Wapo waliokwenda wakakataliwa, na wapo wasiokwenda wakaingia. Usiende ili upambe maombi yako. Nenda ukajue kama maisha yale unayaweza, na kama wewe na wao mnafaana. Afadhali ushtuke Juni, ukiwa bado mtoto wa mtu, kuliko ushtuke umeshanyolewa kichwa. Na usichague ya baba yako."

"Hii ni yangu," alisema Reino, na aliamini anachosema.

Akawaandikia West Point kuwashukuru na kuiachia nafasi yao mtu mwingine.

Annapolis ilimpokea kwa joto la kunata na kelele. Walikurupushwa alfajiri, wakakimbia kandokando ya mto, wakatumbukizwa kwenye maji na nguo zao, wakaulizwa maswali wakiwa hawajamaliza kutafuna. Wenzake wawili walilia chooni. Reino alikuwa anatabasamu. Alijisikia kama mtu aliyefika kwao. Hata jinsi milango ilivyofungwa kwa kishindo ilimpendeza.

Katikati ya wiki wakaingizwa katika chumba kisicho na dirisha, kilichotengenezwa kama chumba cha usukani cha meli ya kivita. Nje jua la mchana lilikuwa linachoma. Humo ndani, kwenye skrini zilizojaa ukuta hadi ukuta, ilikuwa bahari na giza. Msimamizi wao alikuwa Ostrander, kadeti wa kike wa mwaka wa tatu mwenye sauti ya kukwaruza.

"Sorvari, we ndiye afisa wa zamu. Unaona nini?"

"Chombo, mbele kulia. Kidogo. Taa nyeupe moja."

"Na chini yake?"

Reino akakaza macho. Kwao hajawahi kupata shida. Meli kubwa huwa na taa mbili nyeupe mlingotini, ya mbele iko chini, ya nyuma iko juu. Ukiziona unajua inaelekea wapi. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Hiki kilikuwa na nyeupe moja tu, na chini yake taa nyingine ndogo, hafifu.

"Kijani," alisema. "Naona ubavu wake wa kulia. Anakwenda zake, hatugusani. Tushike njia hiyohiyo."

Nyuma yake mtu akaguna.

"Una hakika?" aliuliza Ostrander.

"Nimezaliwa bandarini, afisa."

Wenzake wakacheka. Ostrander hakucheka, ila hakumzuia pia. Kile chombo hakikwenda zake. Kilikua, kikakua, kikawa mashua ya uvuvi yenye watu juu ya sitaha, kikaingia moja kwa moja chini ya pua ya meli. Spika zikatoa mlio wa chuma kinachopasuka, sakafu ikatikisika, na skrini zote zikawa nyeupe.

"Ile ni nyekundu, jamaa," alisema kijana mmoja kutoka Texas, kwa upole kabisa. "Nyekundu kama nyanya."

"Acha utani."

"Nikutanie ya nini?"

Ostrander akamvuta pembeni, akatoa simu, akamwonyesha picha ya duara lililojaa vidoadoa. "Hapo kuna namba gani?"

Reino akaitazama. Akaigeuza. "Hakuna namba."

"Sabini na tatu!" walisema watatu kwa pamoja, wakichungulia juu ya bega lake.

Akageuka upesi aone nani ataanza kucheka. Aliwatazama usoni mmoja mmoja, akingoja. Hakuna aliyecheka. Yule wa Texas alikuwa ameshainamisha kichwa, akikagua viatu vyake. Ostrander akamwonyesha picha nyingine, na nyingine. Vidoadoa vitupu.

"Hukupimwa shuleni?"

"Walinipima herufi. Herufi naziona zote."

"Mimi si daktari," alisema Ostrander, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini kapime kabla hujaomba. Hapa hawamkabidhi meli mtu asiyejua nyekundu na kijani. Pole sana, Sorvari."

Jioni waliporuhusiwa kushika simu, akapiga nyumbani. Aliyepokea ni Kaisa.

"Kaka! Wamekutupa mtoni?"

"Kaisa, nisikilize. Sioni rangi. Nyekundu na kijani sizioni."

"Ee. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo? Unasema kwa hiyo?"

"Si unajua siku zote? Mimi ndiye ninayekutolea soksi tangu niko darasa la nne. Ulidhani nafanya kwa mapenzi?" Kisha akasikia pumzi za kaka yake. "Reino? Kweli hukujua?" Na Kaisa, ambaye ulimi wake haukuwahi kulala, akaanza kulia.

Mwisho wa wiki Wendell alichukua ruhusa melini, akaenda kumpokea uwanja wa ndege wa Minneapolis. Akalichukua begi la mwanawe, akalitupia nyuma ya gari, wakashika njia ya kaskazini bila neno. Reino alidhani baba yake ameshtuka kama yeye. Mji ukaisha, misonobari ikaanza. Alikuwa anatazama miti hiyo bila kuiona, akirudia ile ajali kichwani, taa moja badala ya mbili, ndipo wazo likamjia.

"Baba. Kwa nini ulinifundisha taa nyeupe tu?"

Wendell akalipita lori lililokuwa mbele yao.

"Kila mtu bandarini humwanzia mtoto na nyekundu kushoto, kijani kulia. Wewe ulinifundisha nyeupe. Kwa nini?"

Gari likapunguza mwendo, likasimama kando ya barabara.

"Ulikuwa na miaka tisa," alisema Wendell, akitazama mbele. "Nikakupa usukani wa mashua, nikakwambia fuata boya lenye taa nyekundu. Ukafuata la kijani. Nikakwambia tena. Ukanitazama kama mtu aliyefanya sawasawa. Babu yako mzaa mama alikuwa hivyohivyo."

"Mama anajua?"

"Sikumwambia. Nilifikiri ukijua kuzisoma meli kwa njia nyingine, hawatakugundua."

"Hawatanigundua?" Sauti ya Reino ilipasuka. "Baba, wangenipima! Na wasingenipima ningeua watu! Nimewaua juzi, watu wa kwenye skrini, niliwaona wamesimama!"

"Ulilitaka sana jambo hili."

"Wewe ndiye uliyelitaka!"

Akatoka, akabamiza mlango, akatembea kandokando ya barabara huku malori yakimpulizia upepo. Alitembea hadi hasira ikamchosha miguu. Hakukuwa na pa kwenda. Akarudi, akafungua mlango wa nyuma, akakaa huko kama abiria wa teksi, mpaka Duluth.

Joellen, ambaye hakuwa na desturi ya kupaza sauti, aliposikia kwamba mumewe alijua miaka yote hiyo, alimwambia akalale kwenye meli yake. Akaenda. Meli ikaondoka naye.

Daktari wa macho alimpima kwa kitabu cha vidoadoa, na Reino akashindwa karibu kila ukurasa. Kisha daktari akamwashia taa kubwa, kali, nyekundu na kijani, na hizo Reino akazipambanua zote bila kukosea.

"Zikiwa kali unaziona," alisema daktari. "Zikififia ndipo unapopotea. Jeshi la maji, sikupi matumaini. La nchi kavu, mara nyingi hicho unachoweza kinawatosha."

Lakini wiki ya West Point ilikuwa imeshapita, na nafasi yake alipewa mwingine. Reino alimwendea Bi Haugen akiwa amekata tamaa.

"Nilichagua vibaya."

"Ungekwenda kule ungerudi unafurahi, na bado ungeomba kwetu, maana moyo wako ulikuwa kwetu," alisema Bi Haugen. "Ungegundua haya mbele ya daktari wa jeshi, milango mingine ikiwa imeshafungwa. Sasa kaa chini uwaandikie West Point. Kuna bwana mmoja wa upande wa pili nitamwomba akusikilize, ingawa inaniuma kumpa kijana wangu."

Vuli ilipofika, akaitwa mbele ya kamati ya seneta inayopendekeza majina, maana vyuo hivi havipokei mtu asiyependekezwa. Mzee mmoja akamuuliza, "Walikukaribisha West Point, ukawakataa, ukaenda kwa mahasimu wao. Leo unataka tukupeleke huko?"

Reino akawasimulia mashua ya uvuvi, toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ule mlio wa chuma. Wawili wakacheka hadi wakafuta miwani. Wa tatu hakucheka. Aliandika jambo kwenye karatasi yake. Alichofanya baba yake, Reino hakukitaja.

Mwezi Machi jibu likaja. Amekubaliwa. Joellen akakaa chini jikoni, akajifunika uso kwa aproni. Kaisa akapiga mayowe. Reino akachukua gari, akaenda ng'ambo ya ghuba, kwenye karakana ya meli, ambako meli ya Wendell ilikuwa inaandaliwa kwa msimu mpya. Baba na mwana walikuwa wakisalimiana tu tangu ile Juni.

"Nimepata," alisema Reino.

Wendell akateremka ngazi, akavua glavu. "Wapi?"

"West Point."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, akanyoosha mkono. Reino akaushika.

"Ungeniambia, baba."

"Ningekwambia."

"Miaka yote ile."

"Ndiyo. Miaka yote ile." Macho yake yalikuwa na maji, labda ni upepo wa ziwani. "Umekula?"

Hakuwa amekula. Wakaenda mkahawa wa karibu, wakaagiza nyama na viazi, wakaanza kula. Hata sahani zilipofika nusu, Wendell akauliza, kwa haya, kama mgeni, "Huko, kitu cha kwanza wanafundisha nini?"

"Sijui, baba," alisema Reino. "Wiki yao sikwenda. Nilikwenda yako."

Wendell akaweka uma mezani.