Mfarishi wa Teupoko

"Kunja kitu hicho, Tuaine. Kunja upesi," alihimiza Papa Ngatama, mdogo wa baba yake.

Tuaine hakukunja. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mama yake, mfarishi, shuka la kushonwa kwa mkono, umetanda mapajani, majani mekundu juu ya kitambaa cheupe, ukinuka dawa ya nondo. Chumba cha pili wanawake walikuwa wakiiosha maiti ya mama, Akaiti. Nje, kando ya kaburi la baba, wanaume walikuwa wakimalizia shimo, na mchungaji angefika saa tisa.

"Unifunge kwa ule wa chini kabisa," mama alimwambia siku zake za mwisho, akamwapisha. Basi huu ndio wa chini kabisa. Na pembeni, kwa uzi wa kijani uliopauka, palitariziwa jina: TEUPOKO.

"Teupoko ni nani, Papa?"

"Mtu wa watu wengine."

"Kama ni mtu wa watu, nitamzikaje mama na mali ya watu?"

Papa Ngatama aliutazama mlango kabla ya kujibu. "Mwanangu, jina likiitwa, wenyewe huitika. Wakija, hawataishia kwenye shuka, watadai na mwili. Unataka tufukie shimo tupu hapo nje?"

Akatoka. Tuaine akabaki na mikono yake, mikono ya mlima magimbi, tope la bondeni limelala kwenye kucha na halitoki hata kwa limau. Aliogopa kuuchafua weupe ule. Alikuwa bado msichana alipoona jeneza likinyakuliwa mlangoni pa kanisa na binamu za marehemu wa kijiji kingine, damu ikidai damu yake, na hakuna aliyethubutu kulishika. Angeweza kuikunja kwa ndani pembe ile yenye jina. Nani angejua? Lakini mama angelala milele na jina la mgeni sikioni.

Akaufunga mfarishi ndani ya kanga safi, akapita mlango wa nyuma.

Mama Vaine, mkata nakshi za mifarishi wa kikundi cha wanawake, alikuwa jikoni kwake akikamua tui. Alifuta mikono, akafuata ukingo wa jani kwa kidole.

"Huu hakuukata mtu wa hapa Oneroa. Sisi jani letu limeshiba. Tazama haya, membamba, kama yamefunga kula! Hayo ni makasi ya kijiji cha Ivirua. Nenda kwa kikongwe wao, Ngametua, kama hajamng'ata mtu leo."

Pikipiki yake ilikohoa kuipanda barabara iliyochongwa kwenye ukuta wa mwamba. Kila kona Tuaine alijiambia arudi, na kila kona gurudumu lilimkatalia. Chini, bondeni, aliliona shamba lake: vichwa vya magimbi alivyokata na kuvirudisha topeni, vingine vyake, vingine vya kuombwa kwa jirani. Vyote vilikuwa vimechipua sawasawa.

Ngametua alikuwa ameketi sakafuni akitunga shada la magamba ya vikonokono ya manjano, sindano karibu na pua.

"Nani huyo? Nguruwe wangu wanapiga hodi, wewe unaingia tu!"

"Ni Tuaine, Mama. Wa Akaiti."

Sindano ikasimama. "Nilisikia kengele ya msiba. Nikasema, ngoja nione kama kuna atakayekuja."

Tuaine aliutandaza mfarishi. Kikongwe hakuinama kuangalia. Kiganja chake kilitambaa juu ya majani, kikafika pembeni, kikatulia juu ya jina. Kisha akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa mfarishi mwingine: wekundu ule ule, majani yale yale yenye njaa. Pembeni: NGAMETUA.

"Mama yetu alikunja vitambaa viwili pamoja, akakata mara moja," alisema. "Teupoko, ndugu yangu, ndiye mama yako. Alipopewa watu wa Oneroa wamlee, wakampa jina la kwao. Miaka yote hiyo tumekaa mkeka mmoja tukishona mifarishi ya kanisa, namwita Akaiti, Akaiti, ulimi unaniwasha!"

"Mbona hamkusema?"

"Mtoto akishatolewa, ametolewa. Ukipanda kichwa cha gimbi kwa jirani, utakwenda kulidai jani?" Alinyanyua uso. "Lakini leo si mtoto. Leo ni maiti. Na mama yetu yuko hapo nje."

Dirishani Tuaine aliona kaburi lililopakwa chokaa, na ubavuni pake nafasi, imefyekwa.

"Nipakie," alisema Ngametua, akiufunga mfarishi wake mgongoni.

Akampakia. Angefanyaje? Njia nzima mikono ile mikavu ilimkumbatia kiunoni, na Tuaine alihisi anajiletea mwenyewe mwizi nyumbani.

Wanaume walipoona nani anashuka, sepetu zilisimama. Papa Ngatama alijaza mlango kwa mwili wake. "Nilikwambia," alimwambia Tuaine. Na kwa mgeni: "Mwili hautoki hapa."

"Sogea, Ngatama. Unanuka jasho la kaburi."

Kwa sababu gani alisogea, hata yeye hakujua.

Ngametua aliketi penye kichwa cha maiti, akampapasa uso, paji, nyusi, kidevu, kama mtu anayetafuta mshono wake wa zamani. Kisha akaufungua mfarishi wake mwenyewe, akamfunika nao ndugu yake hadi shingoni.

"Huyu mlazeni kwa mumewe, na jina langu," alisema. "Jina lake nipeni mimi. Siku yangu nitalipeleka kwa mama."

Akanyoosha mkono.

Macho yote yakamgeukia Tuaine. Mfarishi wa Teupoko ulikuwa kifuani pake, na kiapo kilikuwa chake peke yake. Aliyemwapisha alikuwa amelala pale, kinywa kimefungwa. Ule wa chini kabisa. Kengele ya kanisa ikaanza kulia.

Kikongwe alishika pembe mbili, hakuvuta. Tuaine alikuwa amezikaza nyingine. Kitambaa kikanyooka kati yao juu ya maiti, kama kinavyonyooka siku ya kushona, wakati kila mmoja anatafuta pa kuanzia.

Kisha Tuaine, kucha zake nyeusi juu ya weupe ule, alipiga hatua moja kumwelekea, akalaza pembe zake juu ya pembe zilizo mikononi mwa kikongwe, akaanza kumkunjia.