Chenga za Mama Mozelle

Bi Mozelle Capers alilitazama bakuli, akalinusa, kisha akauliza swali lake lile lile la kila asubuhi.

"Wamekula wote?"

"Wote nani, Mama?" Lavinia akasema. "Tuko wawili tu humu ndani. Kula."

Bibi akachovya ncha ya kijiko kwenye uji mzito wa chenga za mahindi, akailamba, akamtazama kamba mmoja aliyejikunja juu ya mchuzi, kisha akalisukuma bakuli mpaka ukingoni mwa meza.

"Zimeiva vizuri," akasema. "Mpe mtu mwingine."

Lavinia alikuwa na hasira, wala tusimsingizie hapa kwamba ilikuwa huzuni. Huzuni ingekuja baadaye ikipata nafasi. Tangu mama yake atoke hospitali ya ng'ambo ya daraja, alikolazwa kwa kiharusi kidogo, hakuna kilichopita kooni mwake zaidi ya chai na biskuti za chumvi. Lavinia alipika supu ya kuku. Alipika wali mwekundu, akapika bamia, akapika viazi vitamu kwa siagi. Vyote vilikataliwa, tena kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomchoma zaidi. Angetukanwa, angalau angejua pa kuanzia.

Muuguzi anayetembelea wagonjwa alimpima bibi uzito, akakunja uso. Kuhusu lile swali la "wamekula wote," alimvuta Lavinia pembeni akamwambia ndivyo akili inavyoanza kurudi nyuma. Pengine mama anadhani watoto wake bado ni wadogo. Lavinia akaamini. Kila swali lilipotoka akalijibu kama unavyomjibu mtu anayeweweseka.

Na kaka yake hakuwa na subira. Cornelius, mtoto wa kwanza, aliishi mji wa Charlotte, mbali na kisiwa chao cha Saint Helena, na alikwishapata kitanda katika nyumba ya kulelea wazee karibu na kwake. "Jumamosi nakuja," alisema kwenye simu. "Nikimkuta anakula, nafunga mdomo wangu. Nikimkuta hali, naondoka naye, na usinililie."

Leo ndiyo ilikuwa Jumamosi. Bi Mozelle alizaliwa kisiwani, akaolewa kisiwani, akamzika mumewe kisiwani, na rafiki zake wote waliopelekwa kwenye nyumba za namna hiyo walirudi wakiwa wamelala sandukuni. Lavinia alilijua hilo, na mama yake alilijua zaidi. Sasa kwa nini hafungui mdomo?

Mlango wa nyuma ukagongwa kwa kiwiko. Alikuwa Hezekiah, binamu yao wa nyumba ya pili katika uwanja uleule wa familia, suruali imelowa mpaka magotini, ndoo mkononi. Alikuwa ametoka kwenye kijito cha maji ya chumvi nyuma ya nyumba, kutupa kimia alichokifuma mwenyewe.

"Dada Vinnie, nimekuletea dawa," akasema. Ndani ya ndoo kamba wadogo walikuwa wakirukaruka, vichwa na sharubu zao zipo. Akachungulia bakuli lililokataliwa. "Na hawa wanene ni kina nani?"

"Kamba. Wa dukani."

"Hawa? Hawa wamekaa kwenye barafu mpaka wamesahau jina la mama yao. Shangazi hawezi kula maiti."

"Hezekiah, leo sina nafasi ya matani."

"Na hii sufuria?" Aliinua ile sufuria mpya isiyogandisha chakula, zawadi ya Krismasi kutoka kwa Cornelius. "Hii si ni ya watu wa kwenye matangazo? Wewe unapikia chenga kwenye kioo, halafu unashangaa mama yako anaona uso wake hataki."

Lavinia akamnyang'anya sufuria, akaitupa kwenye sinki kwa kishindo. Akainama chini ya meza ya jikoni, akaitoa sufuria nyeusi ya chuma ya mama yake, nzito kama tofali, akaibamiza jikoni. "Haya! Umefurahi?"

"Mimi? Mimi nasubiri kula tu," Hezekiah akasema, akaketi kumenya kamba.

Chenga zilikuwepo. Usiku alikuwa ameloweka za kutosha mara mbili, maana alishajua atakataliwa. Aliongeza maji, akasubiri makapi yaelee, akayaengua kwa kijiko kama alivyofundishwa akiwa amesimama juu ya kiti, akarudia mpaka maji yakawa safi, kisha akazibandika motoni katika ile sufuria nyeusi. Akachemsha vichwa vya kamba pembeni apate supu yake. Akakaanga vipande vya nyama ya nguruwe ya moshi, akayaacha mafuta peke yake kwenye kikaango, akatia unga, akaukoroga mpaka ukawa na rangi ya njugu, kitunguu kikafuata, kisha ile supu ya vichwa. Na muda wote huo mkono mmoja haukuacha mwiko. Chenga huwezi kuzigeuzia mgongo. Mama yake alimpiga konzi zaidi ya mara moja kwa kuziacha zishike.

Kamba aliwatia mwisho, wakabadilika rangi, akawatoa. Kwa kweli zilikuwa chenga nzuri kuliko zote alizowahi kupika. Zilikuwa laini, zimetulia bakulini, mchuzi umezizunguka. Akateremsha moto wa jiko mpaka ukawa kama wa kibatari, akambebea mama yake kwa mikono miwili.

Bi Mozelle akanusa. Kichwa chake kikainuka.

"Hawa wa kijitoni."

"Ndiyo, Mama! Hezekiah kawavua sasa hivi." Lavinia akamsogezea kijiko. "Kula, Mama. Kidogo tu."

Bibi akashika kijiko. Akamtazama binti yake, akamtazama Hezekiah aliyesimama mlangoni na harufu ya kitunguu mikononi.

"Wamekula wote?"

Hapo Lavinia akapasuka. "Hakuna wote! Mama, hakuna watoto, hakuna basi la shule, hakuna mtu! Niko mimi, na mimi nimechoka! Nimesimama jikoni tangu alfajiri mgongo unaniuma, wewe unanusanusa tu kama hakimu! Unataka nini? Sema unataka nini!"

"Sitaki kitu," Bi Mozelle akasema, na kijiko kikarudi mezani.

"Basi nenda Charlotte! Nenda ukanuse vya huko!"

Hezekiah akaguna na kutazama miguu yake. Bi Mozelle aliishika fremu yake ya kutembelea, akainuka taratibu, akajiburuza mpaka chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Hakuubamiza. Lavinia alitamani aubamize.

Honi ikalia nje. Cornelius alikuwa amefika mapema kuliko alivyosema, kama kawaida yake.

"Amekula?" ndilo neno la kwanza alilotoa pale barazani, bila hata salamu.

"Na wewe hujambo, kaka."

"Vinnie, nimekuuliza."

"Hajala! Umesikia? Hajala! Nimepika, nimebembeleza, nimepiga kelele. Labda nimwekee mpira wa kulishia tumboni mwenyewe?"

"Hakuna anayekulaumu, mdogo wangu. Nasema tu kwamba kuna watu wamesomea kazi hii..."

"Wamesomea kumlisha mama yangu?"

"Ni mama yangu pia!"

"Basi ungekuja kumpikia hata yai! Unatuletea sufuria na maelekezo!"

Waligombana hivyo mpaka kuku wakahama chini ya baraza. Cornelius alisema nyumba imechakaa. Lavinia akasema imechakaa kwa kuwa kuna watu wakija wanakuja na maneno bila nyundo. Cornelius akasema yeye anawaza uhai, dada yake anawaza ushindi. Neno hilo lilimuingia Lavinia vibaya, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Ni Hezekiah aliyewatenganisha. Alitoka jikoni na mabakuli matatu ameyapanga juu ya mkono kama mhudumu wa hoteli. "Mtu haugui kwa kutukanana ameshiba," akasema. "Kaeni chini. Mimi sikuamka na maji ya kijitoni yakinikata miguu ili chakula kimwagwe."

Lavinia akala kwa hasira, akipiga kijiko. Ndipo akagundua alikuwa na njaa ya siku nyingi; kila alipomwekea mama yake chakula yeye mwenyewe alisema atakula baadaye, na baadaye haikufika. Cornelius alikula amesimama, ufunguo wa gari mkononi, akitaka ionekane kwamba hali. Akamaliza, akafuta bakuli kwa kipande cha mkate.

"Ni nzuri," akasema, sauti imeshuka. "Kweli ni nzuri, Vinnie. Lakini naenda naye."

Akaingia, akalichukua sanduku dogo la mama yake lililokuwa limefungashwa tangu hospitali, akalipeleka kwenye gari. Lavinia alisikia mlango wa gari ukifungwa. Akaenda jikoni, na huko akakuta moto bado unawaka chini ya sufuria, ule mdogo aliousahau.

Chenga zilizobaki zilikuwa zimeganda chini kabisa, zimeshika chuma. Hata hili! Alishika kijiko cha bati akaanza kukwangua ili awape kuku. Alikwangua kwa nguvu zote, machozi yakimtoka kwa ghadhabu, na chuma kikapiga kelele nyumba nzima. Kwaa, kwaa, kwaa.

Mlango wa chumba ukafunguka.

"Nani anakwangua sufuria yangu?"

Bi Mozelle alisimama pale, fremu mbele yake, macho yamemtoka. "Lavinia! Unapeleka wapi hiyo?"

"Kwa kuku, Mama. Imeungua."

"Kuku gani? Kuku wamekosa nini cha kula?" Alikwishaanza safari ya kuvuka jikoni. Katikati ya njia akasimama, akamgeukia Hezekiah aliyekuwa amebeba bakuli tupu. "Wamekula wote?"

"Tumekula, Shangazi," Hezekiah akajibu, mdomo bado umejaa. "Mimi, Vinnie, na Kobe pia. Tumeshiba."

Kobe lilikuwa jina la nyumbani la Cornelius, na Cornelius alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye gari. Mama yake alimkagua, akaona mchuzi kwenye kidevu chake.

"Haya," akasema.

Akamnyang'anya Lavinia kijiko. Akasimama mbele ya jiko, tumbo limeegemea fremu, akamimina mchuzi uliobaki wote ndani ya sufuria, kamba waliobaki wakafuata. Akachomeka kijiko pembeni, akakisukuma chini, na ukoko ukabanduka kipande kizima, wa kahawia upande mmoja, mweupe upande wa pili. Akautia mdomoni. Wote watatu wakasikia ukivunjika kati ya meno yake.

Bibi alikula. Alikula amesimama, hakuharakisha, akigeuza sufuria kila alipomaliza upande, kama mtu anayejua kila kona ya shamba lake. Lavinia alimtazama mgongo ule na akaanza kutafuta kichwani mwake asubuhi hata moja ambayo mama yake aliketi nao mezani. Hakuipata. Mama aliwapakulia, akafunga vifungo vya mashati, akawasukuma nje basi likipiga honi, na sufuria ikabaki jikoni juu ya moto mdogo. Nini kilifuata nyumba ikishatulia, hakuna mtoto aliyewahi kurudi kuona.

"Mama," Cornelius akasema. "Siku zote hizo unapenda ukoko?"

"Hizo laini ni za watoto," Bi Mozelle akasema bila kugeuka. "Chakula kiko chini."

"Kwa nini hukusema?" Lavinia akalia, na hasira ikarudi yote kwa pamoja. "Nimekuuliza unataka nini! Nimekuuliza mpaka koo limenikauka!"

Sasa bibi akageuka. "Nami nimekuuliza wewe. Kila asubuhi nimekuuliza kama watu wamekula. Unaniambia hakuna mtu. Umekaa mbele yangu, umekonda, mashavu yameingia ndani, unaniambia hakuna mtu, kula. Nitakulaje, mtoto wangu, na nyumba haijala?"

Siku zile zote Lavinia alikuwa akiulizwa kama ameshakula, na yeye akamchukulia mama yake kuwa anaweweseka.

Hakujua aombe radhi au apige kelele. Akasogea mpaka penye jiko, akasimama ubavuni mwa mama yake, akaona kipande cha ukoko kimebaki kimeinuka ukingoni mwa sufuria. Akanyoosha vidole akichukue.

Kijiko kikamtua juu ya mkono, paa!

"Wewe umeshakula," Bi Mozelle akasema. Kisha akamtazama mwanawe kupitia juu ya miwani. "Kobe, ndala zangu zimo kwenye lile sanduku. Sakafu ina baridi."

Cornelius akatoka kwenda kulitoa sanduku garini.