Seva ya Bungoma Inaendelea

Edinah alikuwa na sheria moja, nayo aliiandika kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika mlangoni: YA PILI ISIGUSWE KABLA YA KWANZA KUAMKA. Hospitali yao ilikuwa na seva mbili, moja Kitale alikofanya kazi yeye, nyingine kwenye tawi la Bungoma. Kilichoandikwa kwenye moja kilinakiliwa kwenye nyingine, ili moja ikianguka mwenzake ashike zamu. Watu waliicheka ile karatasi. Mhasibu aliuliza kama seva nazo huoneana wivu. Edinah aliwaacha wacheke, kwa maana alijua jambo ambalo wao hawakutaka kulijua.

Jambo lenyewe ni hili. Kadi za wagonjwa, habari zake zote zikiwa zimehamishiwa kwenye kompyuta, zilichomwa mwaka uliopita nyuma ya jikoni, wakubwa wakipigwa picha na soda mikononi. Tangu siku hiyo, mgonjwa ambaye dawa fulani ni sumu kwake hutambulika kwa kisanduku chekundu kwenye skrini ya chumba cha upasuaji. Seva zote mbili zikizima, skrini haisemi kwamba imekosa habari. Huonyesha jina na umri, vilivyobaki pale tangu asubuhi, na chini yake kisanduku cheupe kitupu, kana kwamba mtu huyo hana ugomvi na dawa yoyote duniani. Edinah alikuwa ameandika barua tatu kuhusu kisanduku hicho. Barua zimewekwa kwenye faili, na faili limewekwa kabatini, na kabati limefungwa vizuri kabisa.

Jumanne hiyo hakuwa na nafasi ya kungoja. Seva ya Kitale ilikuwa imeanza kupoteza diski zake. Diski mbili kati ya nane zilikuwa zimewasha taa nyekundu, na ya tatu ikifuata basi yote yangekwisha. Dawa yake ilijulikana: kubadilisha programu ya ndani kabisa, ile inayoiamsha mashine kabla ya kitu kingine chochote. Faili jipya alilipakua yeye mwenyewe Ijumaa, akalituma Bungoma. Bungoma wangetangulia saa tatu asubuhi, yeye angefuata.

Akielekea kwenye chumba cha seva alimkuta Bilha amekaa kwenye benchi, kanga mapajani, akingoja kupandishwa ghorofani. Bilha alikuwa karani wa kiwanda cha karatasi Webuye enzi zake, na kanisani ndiye aliyemfundisha Edinah kuimba sauti ya pili. Saa tano angetolewa mawe ya nyongo.

"Msichana wangu, niombee," Bilha alisema. "Kuna sindano moja ilitaka kuniua zamani. Nimeambia daktari, akaniuliza jina. Sasa mimi jina ya dawa ntajulia wapi? Akasema si kitu, iko kwa kompyuta."

"Iko, mama. Nimeiona mwenyewe, nyekundu."

"Basi nimetulia," Bilha akasema, na kweli akatulia, akaanza kukunja kanga yake upya.

Ilipofika saa nne kasorobo Edinah akampigia Kizito, fundi wa Bungoma. Kizito alikuwa mtu mzima, mpole kupita kiasi, jirani yao nyumbani Ndalu tangu Edinah akiwa na meno ya utoto. Edinah alimwita Baba Levi, wala hakuwahi kumwita vinginevyo.

"Baba Levi, imeamka?"

Kizito akakohoa kwanza.

"Ilisumbua kidogo hapo katikati, lakini inaendelea tu," Kizito akasema. "Wewe usikue na wasiwasi. Maliza kazi yako huko, halafu ukimaliza, si ukuje huku Bungoma kidogo?"

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu mbaya. Ukuje tu, tuongee."

Edinah akakata simu. Kwenye kompyuta yake ukurasa wa seva ya Bungoma haukufunguka, lakini mashine inayoamka huweza kutopatikana hata nusu saa, hilo si ajabu. Taa nyekundu ya pili ilikuwa ikimkodolea macho. Inaendelea, mtu wake amesema inaendelea. Akabonyeza.

Mstari kwenye skrini ukatembea vizuri. Kumi, thelathini, hamsini. Ukafika asilimia sabini na moja ukasimama.

Edinah hakuogopa mara moja. Aliyesomea kazi hii hufundishwa kutokata umeme mashine ikiwa katikati ya kubadilishwa, basi akakunja mikono akangoja dakika ishirini nzima. Kule juu kwenye upasuaji, alijiambia, wanasoma kutoka Bungoma. Mstari haukusogea. Taa ya mbele ikageuka rangi ya chungwa.

Akachomoa nyaya zote mbili za umeme, akashikilia kitufe nusu dakika ili umeme uliojificha ndani uishe, akachomeka tena. Feni zikanguruma, zikashuka, zikanyamaza. Akaweka flashi yenye programu ya zamani. Mashine haikuisoma. Akafungua kifuniko na kuhamisha kipini kidogo kwenye ubao, kile kinachoiamuru mashine iamke kwa nakala yake ya akiba. Feni zikanguruma, zikashuka, zikanyamaza. Chumba kile hakikuwahi kuwa kimya tangu kijengwe, na sasa Edinah alisikia viatu vya watu wakipita ghorofa ya juu.

Hapo ndipo wazo lilipomfikia, tena lilikuja polepole, kama mgeni asiyetaka kubisha hodi. Faili lilikuwa moja. Kilichoiua hii ya Kitale kilipitia Bungoma kwanza.

Akapiga simu.

"Baba Levi. Yako ilisimama asilimia ngapi?"

"Sabini na moja."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na robo hivi."

"Na mimi nilikupigia saa nne kasorobo. Kwa nini hukuniambia imekufa?"

"Mtoto wangu," Kizito akasema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, hilo ndilo lililomuumiza zaidi, "kitu kama hiyo nitakuambia aje kwa simu, na uko huko peke yako? Nilisema ukuje. Nilijua utaelewa."

Angeelewa, naam. Miaka minne iliyopita Kizito huyo huyo alimpigia simu akiwa kazini, akamwambia mzee wake anaendelea tu, maliza kazi halafu ukuje. Edinah akamaliza kazi, akanunua na machungwa ya mgonjwa. Alipofika Ndalu alikuta viti vya kukodi vimeshapangwa uani na mama yake amekaa chini sakafuni. Hivyo ndivyo watu wao wanavyopeleka msiba: hautajwi kwenye waya, unaitwa nyumbani ukauone kwa macho ukiwa umeshikwa mkono. Na Edinah hakuwa mgeni wa mila hiyo. Yeye mwenyewe alishawapigia wadogo zake hivyo hivyo, zaidi ya mara moja, akajiona mwenye heshima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hakuna aliyewahi kufikiria kwamba hata mashine zitafichiwa maradhi.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika ishirini na tano.

Akapiga namba ya chumba cha upasuaji. Aliyepokea alikuwa Joan, muuguzi, mwenzake wa kwaya.

"Joan, msiamini ile skrini. Kile kisanduku cheupe si kweli, seva zote zimekufa. Mwambie daktari. Bilha ana dawa ambayo hawezi."

"Daktari aliangalia, Edinah," Joan akasema taratibu. "Mama alisema ana shida na sindano, ndio tukaangalia. Ilikuwa nyeupe."

"Mmemdunga?"

Nyuma ya Joan watu walikuwa wakisemezana haraka haraka, na chombo fulani kililia mfululizo. Halafu wale watu wakaacha kusemezana.

"Joan. Yuko aje?"

"Anaendelea tu," Joan akasema. "Wewe maliza kazi yako huko chini, halafu ukuje."

Simu ikakatika. Edinah aliiweka juu ya seva, akaokota bisibisi sakafuni. Akarudisha kifuniko, akaanza kukaza skrubu moja baada ya nyingine, polepole, zote sita, kwa sababu kazi ilikuwa haijaisha, na mpaka iishe hakuna aliyekuwa amemwambia lolote.