Sahani Isiyogeuzwa

Mimi ni mtu wa maoni. Kwa miaka ishirini na miwili gazeti limenipa ukurasa mzima kila Alhamisi, nusu ya juu mpira wa kikapu, nusu ya chini migahawa mikubwa ya Manila, na sijawahi kukosa la kusema. Nimeshamwambia mpishi aliyesomea Ufaransa kwamba supu yake inafaa kuoshea miguu. Nimeshawashauri makocha watatu waende wakafuge bata. Watu husema Virgilio Macaraeg hana dogo, nami sikatai.

Alhamisi iliyotangulia siku ninayoisimulia, nilimwandika mwanangu. Isagani, ambaye sisi humwita Gani, ana miaka ishirini na minane na anacheza kikapu cha kulipwa, jezi namba kumi na nne. Misimu mitatu sasa benchi linamjua kuliko uwanja. Niliandika kwamba namba kumi na nne ni kama sahani ya mgahawa wa Makati: bei kubwa, chakula kidogo, na ukifika nyumbani huikumbuki. Niliandika hivyo ili wasomaji wasije wakasema nampendelea. Wakacheka wiki nzima. Gani hakusema kitu, na mimi nikajiambia ameelewa.

Jumapili mke wangu Minda alitimiza miaka sitini. Tukaenda kula mchana Makati, kwenye mgahawa wa ghorofa ya tatu ambako unaletewa sahani kumi na moja, moja baada ya nyingine, kila moja na hotuba yake. Tulikuwa wanne: mimi, Minda, Gani, na mama mkwe wangu, Mama Consing, mwenye miaka themanini na minne, aliyekuja na kichupa cha siki mkobani kwa sababu haamini siki za watu.

Sahani ya tano ndiyo iliyoniponza. Ilikuwa nyama ya kaa juu ya kipande cha wali uliokaushwa, na mafuta ya kaa, yenye rangi ya chungwa, yamechorwa kama upinde kando yake. Mhudumu mwenye glavu nyeupe akatuomba tule kuanzia kushoto kwenda kulia, na sahani tusiisogeze, maana mpishi ameipanga imwelekee mlaji. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani. Hapo simu ya Gani ikaita.

Alisikiliza, akasimama. "Kocha huyo. Mchezaji wetu anayeanza nafasi ya gadi ametegua kifundo cha mguu mazoezini. Ananitaka uwanjani saa nane na nusu. Naanza mimi."

"Unaanza wewe?" Minda akajishika mdomo.

"Kwa foleni ya leo?" nikasema. "Ukipita barabara kuu ya EDSA utafika kesho."

"Nimekuja na pikipiki, Baba."

"Mkataba wako unakataza pikipiki."

"Unakataza na kuchelewa pia."

Hapo nilipaswa kusema neno moja jema, lakini nikamwambia, "Nenda taratibu tu, mwanangu. Benchi halikimbii." Mhudumu akacheka kwa adabu. Gani akanitazama kidogo, akambusu mama yake, akauinua mkono wa bibi yake akaugusisha kwenye paji la uso wake kuomba baraka, kisha akatoka na kofia yake ya pikipiki.

Mama Consing akashika ukingo wa sahani yake. Kwetu mtu akiinuka katikati ya mlo na kwenda zake, wanaobaki hugeuza sahani mzunguko mmoja, wote, ili afike salama aendako. Nyumbani sisi hufanya hivyo bila hata kufikiri, huku mkono mwingine ukitafuta kijiko. Lakini pale, meza ya pili, alikuwa amekaa mwenye mgahawa, na tangu tuingie alikuwa ananiangalia.

"Mama, si hapa," nikamnong'oneza, nikamshika kifundo cha mkono.

"Mtoto yuko njiani."

"Sahani imepangwa, hukusikia? Wataniona mshamba."

"Kwani wewe umezaliwa ikulu? Niachie mkono, Gil."

Sikumwachia. Nilimshika vivyo hivyo huku nikitabasamu, mpaka mhudumu akaja kuondoa sahani zote nne, pamoja na ya Gani ambayo hakuionja. Mama Consing alizifuata kwa macho mpaka zikaingia jikoni. Kuanzia hapo hakutia kitu mdomoni.

Saa nane na dakika arobaini Minda alipiga simu kuuliza kama Gani amefika. Simu haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Mwanamke wa meza ya jirani alikuwa anamsomea mumewe habari kutoka kwenye simu yake. "Maskini, basi limemgonga wa pikipiki pale Guadalupe," akasema. "Foleni imerudi mpaka Magallanes. Tutoke vipi sasa?"

Kwenda uwanjani kwa pikipiki unapita Guadalupe. Nilimtazama Minda, naye alikuwa ameshachukua mkoba wake. Ile ladha ya kaa ikageuka kama shaba mdomoni. Tuliacha sahani ya saba mezani, imefunikwa kwa kioo, haijaguswa.

Minda ndiye aliyeendesha gari. Mama Consing alikaa nyuma na rozari yake. Tuliposimama kwenye foleni alisema mara moja tu, "Hukuniacha nigeuze." Hakurudia. Afadhali angenitukana, ningepata la kujibu.

Nikajiambia mimi ni mtu niliyesoma, sahani ni sahani, basi ni basi. Nikajiambia hivyo mara kumi. Halafu nikafungua mlango katikati ya barabara nikashuka, nikaanza kukimbia kati ya magari, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye koti la kitani na viatu vya ngozi.

Pikipiki ilikuwa imelala ubavu kando ya daraja, nyeusi, gurudumu la mbele limepinda. Gani ana pikipiki nyeusi. Hatua chache pembeni ilikuwepo kofia iliyopasuka katikati. Askari wa barabarani alikuwa anawapungia watu mkono wapite.

"Yuko wapi mwenye hii?" nikamuuliza.

"Wamempeleka hospitali, bosi. Ni ndugu yako?"

"Mrefu?"

"Amelala chini, bosi, urefu nitaupimaje? Ni kijana. Namba hii ya pikipiki unaifahamu?"

Nikaitazama ile namba. Mimi ninayeweza kukutajia mitupo iliyopotea kwenye fainali za miaka thelathini iliyopita, na nani aliyeipoteza, sikuijua namba ya pikipiki ya mwanangu. Nikaitazama kofia, nikajaribu kukumbuka ile aliyoishika alipokuwa anatoka mezani. Ilikuwa nyeusi au ya rangi nyingine? Sikukumbuka. Wakati anatoka nilikuwa namtazama mhudumu kama bado anacheka.

Nikampigia Minda nikamwambia apeleke gari hospitali aliyonitajia askari. Mimi ningekwenda uwanjani, kwa sababu ilibidi mmoja wetu awe kule alikotakiwa kufika. Aliniuliza, "Gil, ni yeye?" Nikamwambia sijui. Akakata.

Nikapanda pikipiki ya abiria. Nilimkumbatia dereva kwa nguvu zangu zote, na kila basi lililopita karibu lilinifanya nifumbe macho. "Mzee, unanikaba," akasema. "Ukiniua mimi tunakufa wote." Nikamwomba radhi, nikaendelea kumkaba. Njia nzima nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema benchi halikimbii, benchi halikimbii, na niliogopa kwamba hilo ndilo neno langu la mwisho kwake, na kwamba alikuwa nalo kichwani alipoliona lile basi.

Mlango wa wachezaji uko nyuma ya uwanja, pale Cubao. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, sahani ya plastiki magotini, anakula wali na samaki mkavu wa kukaanga kwa mkono. Kitambulisho chake kifuani kilisema Ambo.

"Namba kumi na nne ameingia?"

Akasogeza karatasi kwa kiwiko ili asiipake mafuta. "Bado. Wamekuja kumuulizia mara tatu. Sasa hivi wamesema basi, hawamngoji tena."

Nilikaa chini kwenye saruji, koti na yote. Ambo akaniangalia, akasema lile neno ambalo kila anayekula kwetu humwambia kila anayepita, "Karibu tule, bosi." Unatakiwa ushukuru na uendelee na safari. Kila mtu anajua hivyo. Mimi nilinyoosha mkono nikachukua tonge, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kukataa. Akanisogelea na kuiweka sahani katikati yetu.

"Ni nani wako?"

"Mwanangu. Alikuja kwa pikipiki. Kuna ajali Guadalupe."

Akaacha kutafuna. "Wewe ndiye yule wa gazeti?"

"Ndiye."

"Mke wangu hakupendi kabisa," akasema kwa upole, akanisukumia upande wenye samaki mwingi. "Kula kichwa. Kina mafuta."

Nilikula. Wali ulikuwa unadondoka kwenye koti, na machozi yalikuwa yanatiririka bila kuniomba ruhusa. Minda akapiga. Walikuwa wamefika hospitali. Kijana yuko chumba cha upasuaji, hana kitambulisho, hawamruhusu mtu kumwona. "Nimewaomba waniambie tu ana kovu gotini au hana," akasema. "Wanasema ningoje." Nikamwambia ashike simu mkononi muda wote. Mlango mwingine wa uwanja ulikuwa umeshaanza kuingiza watu. Tarumbeta zilikuwa zinalia. Nilizichukia.

Halafu nikamwona. Alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa kituo cha treni, anapenya kati ya wauza fulana, begi mgongoni, shati limelowa chapachapa, na mkononi ana kofia ya pikipiki. Ya bluu.

Alipofika akaniinamia. "Baba? Unafanya nini chini? Bibi yuko wapi? Bibi ana nini?"

"Simu yako," nikasema. Ndilo lililotoka.

"Imeisha chaji. Nilikuwa namngojea Bibi." Aliketi juu ya begi lake, anahema. "Huwa ananiandikia. Tangu nasoma. Nikiondoka watu wanakula, siwashi pikipiki mpaka aniandikie 'tayari'. Leo nimekaa maegeshoni dakika ishirini naitazama simu, mpaka ikazima. Nikaogopa kuendesha, Baba. Haya, cheka. Nikaiacha pikipiki palepale, nikapanda treni. Treni ikaharibika, tukafungiwa humo nusu saa, wakatushusha Ortigas. Nimekimbia kutoka huko."

"Nafasi yako?"

"Wameshampa mwingine. Nimeona majina kwenye skrini ya nje." Alisema hivyo akiwa anafungua kamba za viatu na kuzifunga upya, bila sababu.

"Ni mimi niliyemzuia Bibi," nikamwambia. "Nilimshika mkono. Nilikuwa naona aibu."

"Najua ni wewe. Bibi hasahau."

Nilimpigia Minda. Alilia kwanza, kisha akamliza na mama yake, nikazisikia sauti zao zimechanganyika. Halafu akasema, "Na huyu wa hapa? Bado hajaja mtu wake." Nikamwambia sijui. Akasema yeye na Mama watabaki hapo mpaka aje mtu. Mama Consing alikuwa ameshaulizia kama kijana akiamka ataruhusiwa uji.

Gani alisimama akavaa begi. Nilimshika mguu wa suruali kama mtoto, kisha nikamwachia. Kutoka pale mpaka chumba cha kubadilishia nguo ni ujia wa hatua hamsini, una taa, hauna gari hata moja. Na bado niliogopa. Nilitaka kumwambia kwamba nimefuta kile nilichokiandika, lakini kilikuwa kimeshasomwa na mji mzima, na mke wa Ambo.

"Basi, nyie mnakula," Gani akasema. "Mimi naingia."

Alifika mlangoni, akasimama. Hakugeuka kutuangalia. Alisimama tu, mkono kwenye kitasa.

Nikashika ukingo wa ile sahani ya plastiki. Ambo alikuwa ameshaushika ukingo wa pili. Watu wawili, sahani moja, tukaizungusha mzunguko mzima, polepole, samaki asianguke.

"Tayari," nikamwambia.