Kiberiti cha Mugara

Mwaka ule Wadachi walipokuwa wakipima nchi yetu, nilikuwa nimeolewa Rumonge miezi saba. Mahari yangu ilikuwa pete ya fedha aliyonivika mume wangu, Swedi. Siku moja nilikwenda Mugara, kwenye chemchemi ya maji moto, kukanda viganja vilivyopasuka kwa kazi ya kukamua mawese. Niliporudi, pete ilikuwa nyeusi kama chungu.

Mama mkwe wangu, Mwasiti, aliishika, akainusa. Akasema nimeuza fedha ya mwanawe nikavaa bati, na Ijumaa Swedi anirudishe kwetu Minago. Mimi nilisali, kwa kuwa sikuwa na shahidi mwingine.

Alhamisi akapita Asmani, binamu ya mume wangu. Alikuwa mpagazi wa Mdachi mmoja aliyezunguka na chupa akijaza maji ya chemchemi ili ajue yana nini ndani. Aliposikia habari yangu, alisema pete haina kosa. Maji yale yana kiberiti.

"Kiberiti," Mama Mwasiti akamjibu. "Basi kesho nitachota mtungi, nikawashie jiko."

Asmani alivumilia. Akaeleza kwamba si kile cha kuwashia, bali kile kilichomo ndani ya mawe, cha manjano, chenye jina hilohilo. Mvua huzama chini sana, ardhi huichemsha, nayo huyayusha mawe na kupanda na vitu vyake. Ndiyo maana Mugara hunuka yai viza, na fedha ikiguswa na kiberiti hicho hugeuka nyeusi. Bati halifanyi hivyo.

Mama hakuamini. Ijumaa asubuhi tukaenda sote. Akavua bangili yake ya fedha, aliyorithi kwa mama yake, akaitumbukiza, kisha akakaa kuilinda kwa macho ili Asmani asiibadilishe. Sisi tukala mihogo. Alipoitoa, ilikuwa nyeusi kuliko pete yangu.

Aliigeuzageuza kwa muda mrefu.

"Batuli, mwanangu," akasema, "na mimi basi mnirudishe kwetu."

Jioni tuliketi uani na majivu na ndimu, yeye akisugua pete yangu, mimi bangili yake, hadi zikang'aa. Alhamdulillahi. Mpaka leo nikitia udhu humshukuru Mungu kwa maji yote, hata yale yanayonuka.