Pa Kuweka Dole Gumba

Karakanani walimwita Msasa, na jina likamkaa. Kila kilichopita mikononi mwake kilitoka kinang'aa, hata kama mwenyewe alikileta kinolewe tu. Ndivyo marehemu baba yake alivyomlea: kisu hakirudi kwa mwenyewe na alama hata moja.

Baba aliwaachia wanawe kisu cha kukunja chenye mpini wa mbao nyeusi, muundo uliolisha nyumba nzima. Wateja wa siku hizi walikipita dukani kama hawakioni. Kizito, walisema, na kukifungua mpaka uvunje kucha. Dada yake mkubwa, aliyeshika mauzo, alisema bila kumung'unya maneno: wakifanye cha kisasa au wafunge karakana.

Basi Msasa akaenda kwa mama yao kuazima kisu cha baba mwenyewe, kile alichotembea nacho mfukoni hadi siku zake za mwisho, apate kukipima. Mama alisita. Jioni alipenda kukaa nacho mkononi kimefungwa, kimya tu. Msasa alidhani ni mambo ya uzee. Laiti angeuliza.

"Utanirudishia kama kilivyo?"

"Zaidi ya kilivyo, mama."

Mama akacheka, akampa. Kila mmoja alidhani wameelewana.

Kwenye meza ya kazi Msasa aliona kibonyeo, kishimo kidogo ubavuni mwa mpini, pale dole gumba la baba lilipokandamiza miaka nenda miaka rudi. Kilimpendeza. Akakipima, akakiingiza kwenye muundo mpya pamoja na mpini mwepesi, skrubu badala ya misumari ya ribiti, na ubapa unaofunguka kwa mkono mmoja. Mashine ikakichonga kwenye kila kisu. Wanunuzi walikigombania, dole linajipeleka lenyewe, walisema. Dada alichekelea mpaka jino la mwisho.

Na cha baba? Msasa akakirudia kama alivyofundishwa. Akaupiga msasa mpini mzima mpaka ukashuka usawa wa kile kibonyeo, kisionekane tena, akaupaka mafuta, akanoa ubapa. Kikawa kama kimetoka dukani leo. Akajiona mtoto mwema kupita wote.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Dole lake likapita ubavuni mwa mpini, likarudi, likapita tena. Akakigeuza upande wa pili. Msasa akamuuliza anatafuta nini.

"Pa baba yako," alisema. "Nilikuwa naweka dole langu pale pake."

Msasa akatoa kisu kipya mfukoni, akamwekea mama mkononi, akaliongoza dole lake mpaka mahali penyewe. Maneno yakamtoka mbio mbio: ni palepale, amepapima vizuri, hapakupungua hata unywele. Mama alikishika kwa muda, maana hakupenda kumvunja moyo mwanawe.

"Pamekaa vizuri," alisema. "Lakini hiki baba yako hakukishika."

Akakiweka mezani. Afadhali angemgombeza. Msasa akasema atakichukua tena kile cha zamani, vipimo anavyo, atapachimba upya palepale.

"Kwa dole la nani, mwanangu?"

Msasa akaitazama mikono yake, ile iliyosifiwa karakana nzima, akaichukia.