Makofi ya Kilo

Tangu mama mkwe wake Bathsheba azikwe, Roselyne alikuwa akimfungia mtoto wake ndani kwa kufuli. Haya, semeni. Majirani wa Keumbu walishasema yote, tena kwa sauti, na hakuna hata mmoja aliyesema kisha akajitolea kukaa na mtoto nusu saa.

Mtoto mwenyewe anaitwa Nyanchama, ana miaka tisa, na ana mtindio wa ubongo. Miguu imekaza, shingo haina nguvu, maneno hayatoki, na kifafa humjia kinapojisikia. Lakini macho yake, jamani! Macho ya Nyanchama yanaona kila kitu, na akicheka utacheka naye hata kama umetoka kuibiwa. Marehemu Bathsheba ndiye aliyekuwa akishinda naye, akimlisha uji, akimgeuza, akimwimbia nyimbo za kanisani, huku Roselyne akiuza ndizi sokoni. Baba mtu, Onsongo, yuko Narok anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na hutuma kitu akikumbuka. Hakumbuki sana.

Ndiyo maana ya kufuli. Kila asubuhi Roselyne alimlaza Nyanchama kwenye godoro sakafuni, akamzungushia mito, akafunga mlango, akakimbilia sokoni kabla lori la ndizi halijajaa. Saa sita alirudi mbio kumlisha na kumbadilisha, akafunga tena. Siku moja ya mwezi wa tano alimkuta amebingirika hadi kwenye jiko ambalo halikuwa limepoa vizuri, na kiwiko kimeungua. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti ikaisha. Roselyne aliketi pale pale sakafuni na ndoo ya sokoni bado iko mkononi, akalia naye.

Jirani mmoja tu ndiye aliyekuwa tofauti. Janat, mjane Mwislamu aliyeuza mitumba kando ya barabara mpaka magoti yalipomgomea, alikuja na dawa ya kupaka kile kiwiko. "Mama Nyanchama," akasema, "mimi nitakaa naye. Nakupenda na mtoto nampenda. Lakini na mimi lazima nile. Ukipata chochote cha kunipa mwisho wa mwezi, hiyo kufuli tupa mtoni."

Hicho chochote ndicho kilichokuwa hakuna.

Basi siku Nehemiah alipopita na mkoba wake, Roselyne alimwona kama aliyetumwa na Mungu. Nehemiah ni mhudumu wa afya wa pale kijijini, mtu mpole, mwenye kueleza jambo mara tatu kana kwamba unamwandikia imla. Alieleza hivi: iko pesa ya serikali kwa familia inayotunza mtoto mwenye ulemavu mkali. Si nyingi, lakini ni ya kila mwezi. Mtoto kwanza apimwe na kamati ya madaktari mjini. Wakiandika ulemavu ni mkali, jina linaingia kwenye orodha. Wakiandika ni wa wastani au ni mdogo, haliingii.

"Na hiyo pesa inaweza kumlipa Janat?"

"Inaweza. Lakini Mama Nyanchama, nisikilize. Mpeleke vile alivyo. Usimpambe."

Vile alivyo! Nani huku Kisii amewahi kumpeleka mtoto mbele ya wakubwa vile alivyo? Huku mtoto akienda kuhojiwa apate nafasi ya chekechea, anakaririshwa jina, umri na jina la chifu mpaka anayasema usingizini. Na Roselyne alikuwa mwalimu wa chekechea miaka sita, kabla hajamzaa Nyanchama na kuacha kazi. Mkaguzi wa shule akitarajiwa, Roselyne ndiye aliyekuwa akiitwa kuwanoa watoto. Katika miaka yote sita hakuna mkaguzi aliyetoka darasani kwake bila kutabasamu. Alijua jambo moja kuhusu ofisi, nalo ni kwamba wakubwa humsaidia mtoto anayeonyesha bidii. Mtoto aliyelala tu kama gunia watamsaidia vipi? Watasema huyu ameshapotea, na wataenda kwa mwingine.

Alinunua kikombe cha plastiki cha bluu, chenye masikio mawili. Kila jioni kwa wiki tatu alimkalisha Nyanchama kati ya magoti yake, mgongo kwenye tumbo lake, akamfumba vidole kwenye masikio ya kikombe, kimoja kimoja. Maji yalimwagika kifuani, mapajani, kwenye mkeka. Walibadilisha nguo mara nne kwa jioni moja. Wiki ya pili kikombe kilifika kidevuni. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, Nyanchama alikiinua mwenyewe, kichwa kinatikisika, mikono inatetemeka, akanywa mafunda mawili, akamgeukia mama yake.

Roselyne akampigia makofi ya kilo. Yale ya chekechea: pa-pa-pa, pa-pa-pa, kisha moja kubwa la mwisho, pa! Nyanchama akacheka mpaka mate yakamtiririka. Kuanzia siku hiyo akikiona kikombe tu, anajikaza, anakunywa, kisha anageuka kutafuta makofi yake.

Siku ya kamati Nyanchama alivaa gauni la Sabato na soksi nyeupe, akapakwa mafuta akang'aa. Walisubiri kwenye benchi la hospitali tangu saa mbili mpaka saa saba. Mbele yao kulikuwa na mwanamke wa Nyamira aliyembeba kijana wake mgongoni, kijana mwenye ndevu zinazoanza kuota, nguo zimelowa mkojo. Roselyne alimwonea huruma, na tuseme ukweli, alimdharau kidogo pia. Hakuweza hata kumbadilisha kwanza?

Ndani walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa Daktari Ogeto, mzee wa miwani na sweta.

"Anakula mwenyewe?"

"Anajaribu, daktari. Ngoja uone."

"Usiku analala?"

"Vizuri sana." Mungu amsamehe.

"Kifafa?"

"Kimepungua." Kilikuwa kimemwangusha juzi.

Kisha akatoa kikombe kwenye mkoba. Nyanchama akakiona, akajikaza, akakiinua, akanywa, akageuka. Mama yake akapiga makofi ya kilo, na wale watatu nao wakapiga. Daktari Ogeto alitoa miwani akaifuta. "Mama, umefanya kazi kubwa," alisema. Roselyne alitoka pale akielea. Njiani alimnunulia mtoto keki na alipofika akamwambia Janat ajiandae.

Karatasi ililetwa na Nehemiah mwezi uliofuata. Aliishika kama mtu aliyeleta habari za msiba, akaketi bila kuambiwa karibu.

"Wameandika ulemavu mdogo."

"Mdogo? Si ni vizuri?" Uso wa Roselyne uling'aa. "Ndugu Nehemiah, si inamaanisha atapona?"

Nehemiah akaeleza mara tatu, kama kawaida yake, na mara ya tatu ndipo ilipoingia. Roselyne aliuliza yule kijana wa Nyamira amepata nini. Nehemiah hakumjua, lakini alikadiria atakuwa amepata mkali. Roselyne alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa amefaulu. Ole wake, alikuwa amefaulu!

Waliandika barua ya kukata rufaa, Nehemiah akitunga na Roselyne akinakili kwa mwandiko wake mzuri wa ualimu. Ikajibiwa baada ya muda: kamati itamwona mtoto tena mwezi wa kumi, mara moja, na uamuzi huo utakuwa wa mwisho. Janat naye alikuwa ameitwa na binti yake aliye Ogembo akakae huko. "Nitamwambia angoje mpaka wa kumi," alisema. "Zaidi ya hapo, dada, sitaweza."

Kwa hiyo Roselyne akakificha kikombe juu ya kabati, nyuma ya Biblia. Ikawa anamnywesha mtoto kwa kijiko. Siku za kwanza Nyanchama alikitazama kile kijiko, akamtazama mama yake, akatazama mkekani mahali pao pa kukaa. Alinyoosha mikono yake iliyopinda na kuikutanisha hewani, vidole vimekunjwa kana kwamba vimeshika kitu. Roselyne alijifanya haoni. Kila siku alijifanya haoni, na kila siku ilimuuma upya. Kufikia mwezi wa tisa mtoto aliacha kunyoosha mikono. Roselyne alishukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Mara hii hakumvisha gauni la Sabato. Alimpeleka na nguo ya nyumbani na hakumbadilisha njiani. Walipoingia, wale watatu walikuwa wale wale.

"Anakula mwenyewe?"

"Hapana."

"Usiku?"

"Halali. Mimi pia silali."

"Kifafa?"

"Mara mbili kwa wiki. Wiki nyingine mara tatu." "Hasemi. Hakai bila kushikiliwa. Anajisaidia alipolala. Nikienda sokoni namfungia kama mbuzi, daktari, na aliungua humo ndani." Yote yalikuwa kweli, kila neno, na kila neno alilisema Nyanchama akiwa mapajani mwake, macho yale yakimtazama kutoka chini. Alijiona anamsengenya mtoto wake mbele yake.

Daktari Ogeto aliandika, akaandika, kisha kalamu ikasimama. "Ninaamini, mama. Lakini hapa faili inasema alikunywa mwenyewe kwa kikombe. Wakaguzi wa orodha wataniuliza. Lazima tuone." Akamwashiria muuguzi.

Kikombe kilicholetwa hakikuwa cha bluu. Kilikuwa cha chuma, chenye sikio moja, kizito. Roselyne alivuta pumzi. Hiki hatakiweza, alijiambia, miezi imepita, ameshasahau. Na moyoni akaomba, yeye aliyekuwa akiimba kwaya kila Sabato: Yesu, akiangushe. Nakuomba, mtoto wangu akiangushe.

Nyanchama alikitazama kikombe kwa muda mrefu. Mwili wote ukakaza. Mkono mmoja ukashika sikio, wa pili ukakumbatia chuma, kikombe kikapanda kikigonga meno, maji yakamwagika nusu. Akanywa. Akageuka kwa mama yake, kinywa wazi, akisubiri.

Roselyne alikalia mikono yake. Alitazama ukutani.

Sasa mtoto afikirie nini? Kwamba hakufanya vizuri. Maji yamemwagika sana, ndiyo maana hakuna makofi. Basi Nyanchama akageuka, akakiinua tena kile kikombe kizito, polepole, shingo inatikisika kwa jitihada, na mara hii hakumwaga hata tone. Alikunywa mafunda mawili. Alikiteremsha mpaka mapajani kwa uangalifu kama wa mtu mzima. Akageuka tena. Midomo ilikuwa inatetemeka, karibu kulia.

Roselyne alishindwa. Alitoa mikono chini ya mapaja, akampigia, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa! Machozi yalimtoka yakaanguka kwenye nywele za mtoto, na Nyanchama akacheka kile kicheko chake mpaka muuguzi akacheka pia, hajui analocheka.

Daktari Ogeto hakucheka. "Mimi naandika ninachokiona, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaweka wa wastani. Zaidi ya hapo hawatanikubalia."

"Wa wastani unaingia kwenye orodha?"

"Hauingii."

Roselyne alimshukuru. Ndiyo, alimshukuru, kwa sababu alilelewa kushukuru, akamfunga mtoto mgongoni akatoka.

Janat aliondoka Jumapili na begi moja, akilia kuliko aliyeachwa. Jumatatu asubuhi Roselyne alimlaza Nyanchama kwenye godoro, akapanga mito, akasukuma jiko mpaka nje. Alipanda kiti, akateremsha kikombe cha bluu nyuma ya Biblia, akakijaza maji nusu na kukiweka mahali mkono wa mtoto unapofika. Angalau kiu haitamsumbua mpaka saa sita.

Alifunga kufuli na kubeba ndoo yake. Kabla hajafika kwenye ua alisikia kikombe kikigusana na meno, kisha kikiwekwa chini. Kisha hakusikia kitu. Lori la ndizi lilikuwa linapiga honi barabarani, na lori halimngoji mtu. Roselyne aliweka ndoo chini, akarudi mpaka mlangoni, akapiga makofi ya kilo kwenye mbao kwa kiganja, kwa nguvu, ili yasikike hadi ndani.